Shimoni: Mji mdogo wa wavuvi uliojengwa juu ya mapango ya simanzi

UKITOKA Likoni na kuifuata barabara kuu iendayo Lunga Lunga, utapita Ukunda, Gazi, Msambweni na Ramisi kabla ya kufika Kanana. Hapo ndipo msafiri huiacha barabara kuu na kushika njia ya mkono wa kushoto, inayopita katikati ya mashamba ya minazi na vichaka hadi ncha ya rasi. Mwisho wa njia hiyo kuna gati, soko la samaki, msikiti, maduka machache na mibuyu mikubwa. Huu ndio mji mdogo wa Shimoni, katika Kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 80 kusini mwa Mombasa na si mbali na mpaka wa Kenya na Tanzania.

Jina la mji lenyewe linajieleza. Shimoni ni mahali penye shimo, na shimo linalotajwa ni pango lililo mwendo wa dakika chache tu kutoka gatini. Mgeni hushuka kwa ngazi kutoka kwenye mwangaza wa jua hadi katika ukumbi wa mawe wenye ubaridi, ambamo mizizi ya miti imepenya kutoka juu na popo wamening'inia darini. Kutoka hapo pango hugawanyika katika vyumba na vijia vinavyoingia chini ya makazi ya watu.

Kwa miaka mingi Shimoni haikujulikana sana na Wakenya wa bara. Waliokuwa wakifika huko ni wavuvi, wafanyabiashara wa samaki na watalii waliokwenda kutazama pomboo. Hata hivyo, pango hilo limeufanya mji huu kuwa mojawapo ya sehemu chache nchini ambapo historia ya utumwa inaweza kuonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono.

Jinsi mapango yalivyotokea

Pwani yote ya kusini mwa Kenya imekalia mwamba wa matumbawe ya kale. Matumbawe hayo yaliota chini ya maji wakati ambapo kina cha bahari kilikuwa juu kuliko ilivyo leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Bahari iliporudi nyuma, matumbawe yaliachwa nchi kavu, yakafa na kugeuka mwamba wa chokaa.

Mwamba wa aina hii una udhaifu mmoja. Maji ya mvua yakipita hewani na katika udongo huchukua hewa ya kaboni na kuwa na ukali kidogo, nayo huuyeyusha polepole kupitia nyufa zake. Upande wa baharini, mawimbi huusaga mwamba kwa chini. Kwa maelfu ya miaka nyufa hupanuka na kuwa vijia, na vijia huwa vyumba. Pale dari inapokuwa nyembamba huporomoka, na ndipo mlango wa pango hupatikana. Maji yale yale yanapodondoka ndani huacha chembe za chokaa ambazo hujijenga na kuwa mawe marefu yaning'iniayo kama chuchu za ng'ombe.

Shimoni si peke yake. Magharibi mwa mji, karibu na kijiji cha Fikirini, kuna mapango mengine yanayojulikana kwa wingi wa popo. Upande wa pili wa mpaka, karibu na mji wa Tanga, yapo mapango ya Amboni, ambayo nayo ni ya mawe ya chokaa na yanatembelewa na watu wengi. Ni kama kwamba ukanda huu mzima umechimbwa kwa chini.

Simulizi la watumwa

Simulizi linalotolewa kwa wageni ni kwamba pango la Shimoni lilikuwa korokoro. Watu waliotekwa bara walifikishwa hapa kwa miguu wakiwa wamefungwa, wakatiwa pangoni kusubiri majahazi ya kuwapeleka Pemba na Unguja. Waliokuwa dhaifu, wasimulizi husema, hawakutoka tena. Mgeni huonyeshwa vipande vya vyuma vilivyopigiliwa ukutani, vinavyosemekana kuwa mabaki ya minyororo, na pia mahali palipokuwa na maji ambayo mateka waliyategemea.

Kumbukumbu za maandishi kuhusu pango lenyewe ni haba, lakini mazingira ya biashara hiyo yanajulikana vyema. Katika karne ya 19, mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji vibarua wengi, nayo mashamba ya nafaka na minazi ya Malindi na Takaungu vilevile. Watumwa walitoka sehemu za Ziwa Nyasa na bara ya Tanganyika ya leo, wakapitia bandari kama vile Kilwa na Bagamoyo.

Waingereza walianza kuibana biashara hiyo kwa mikataba. Mkataba wa mwaka 1822 ulipiga marufuku kuuzwa kwa watumwa kwa raia wa mataifa ya Kikristo. Ule wa 1845 ulikataza kuwasafirisha nje ya himaya ya Sultani upande wa Afrika. Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wote wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la Unguja.

Matokeo ya mkataba wa 1873 yanasaidia kuielewa Shimoni. Biashara haikufa siku hiyo. Wafanyabiashara walihamia nchi kavu, wakawaendesha mateka kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, wakipita Pangani, Tanga na Vanga hadi Mombasa na kwingineko. Wengine walisubiri usiku na kuwavusha kwa magendo hadi Pemba, kisiwa kilicho ng'ambo ya mkondo wa bahari unaotazamana na Shimoni. Ilipofika mwaka 1876, Sultani alilazimika kupiga marufuku hata misafara ya nchi kavu.

Doria za Waingereza baharini hazikuwa mchezo. Mwezi wa Desemba 1881, nahodha wa manowari London, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kukagua jahazi lililokuwa limebeba watumwa. Katika hali kama hiyo, pango lililofichika, lililo hatua chache kutoka kwenye mlangobahari mtulivu, lingekuwa na thamani kubwa kwa mtu aliyetaka kuwaficha wanadamu mpaka bahari iwe salama kwake.

Utumwa wenyewe ulichelewa zaidi kufutwa kisheria. Hadhi ya mtumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Hivyo basi, watu waliozaliwa utumwani katika pwani hii walikuwa bado hai wakati Kenya ilipokaribia kupata Uhuru mwaka 1963.

Kimbilio na mahali pa ibada

Hata hivyo, wazee wa Shimoni wana simulizi jingine, nalo halipaswi kupuuzwa. Kabla ya pango kuwa korokoro, wanasema, lilikuwa ngome. Wenyeji walikimbilia humo pamoja na watoto na mali yao kila waliposikia kwamba wavamizi kutoka bara, hasa Wamaasai, walikuwa njiani. Mashambulizi ya Wamaasai dhidi ya miji ya pwani katika karne ya 19 si hadithi tupu. Yametajwa katika kumbukumbu nyingi za pwani.

Aidha, pango liliheshimiwa kama mahali pa ibada na matambiko. Katika sehemu nyingi za Kwale, mapango, mibuyu na misitu ya kaya huchukuliwa kuwa makao ya mizimu, na watu huenda huko na ubani, maji ya waridi na vitambaa kuomba mvua, afya au watoto. Imani hizo zimeishi bega kwa bega na Uislamu kwa karne nyingi.

Wataalamu wa mambo ya kale waliolichunguza pango la Shimoni, miongoni mwao Dkt Herman Kiriama, wameeleza kwamba eneo moja linaweza kubeba kumbukumbu kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo swali la iwapo pango lilikuwa kimbilio, mzimu au korokoro huenda lisiwe na jibu moja. Linaweza kuwa lilikuwa yote hayo kwa nyakati mbalimbali. Lakini uchaguzi wa simulizi la kumpa mgeni una uzito wake. Mtalii hulipa kiingilio ili asikie habari za watumwa, si za mbuzi waliofichwa wasiibiwe.

Kuna ugumu mwingine usiozungumzwa kwa sauti. Katika vijiji vya pwani, wapo waliotokana na watumwa, wapo waliotokana na mabwana, na wapo waliotokana na wote wawili. Kumwita mtu mtumwa au mjukuu wa mtumwa lilikuwa tusi zito, na kesi za ardhi na ndoa zimewahi kuchochewa na tuhuma kama hizo. Ndiyo sababu familia nyingi zilichagua kunyamaza, na wajukuu wakakua bila kujua asili yao. Pango linasema jambo ambalo nyumba nyingi zimelifunika.

Wenyeji na lugha zao

Shimoni na vijiji jirani vinakaliwa na Wadigo, Wachifundi, Wavumba na Waswahili wengine wanaojitambulisha kama Washirazi, pamoja na Wapemba waliovuka bahari kwa ajili ya uvuvi. Wachifundi wanazungumza Kichifundi, na Wavumba wa Wasini na Vanga wanazungumza Kivumba. Zote mbili ni lahaja za Kiswahili, na mtaalamu H. E. Lambert alichapisha uchunguzi wake kuhusu Kivumba mwaka 1957 na kuhusu Kichifundi mwaka 1958.

Wavumba walikuwa na dola yao. Makao yao ya awali, Vumba Kuu, yalikuwa bara upande wa kusini-magharibi, karibu na mpaka wa leo. Watawala wao walibeba cheo cha Diwani, na ngoma na siwa zilikuwa alama za mamlaka yao. Habari zao zilikusanywa na afisa Mwingereza A. C. Hollis na kuchapishwa mwaka 1900. Magofu ya kale na makaburi yaliyo Wasini ni sehemu ya urithi wa ustaarabu huo.

Wakoloni walipoingia, Shimoni ilipata umuhimu mpya. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 uliuweka mpaka kwenye mto Umba, kusini kidogo tu, na mlangobahari wa Shimoni ukawa bandari ya karibu upande wa Waingereza. Waingereza walijenga nyumba za utawala, ambazo magofu yake yangali yanaonekana. Haukupita muda ukanda huu ukawa uwanja wa vita, Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipoasi mwaka 1895. Uasi huo ulizimwa mwaka 1896 baada ya Mbaruk kukimbilia upande wa Wajerumani. Jumba mojawapo la enzi hizo mjini Shimoni lilikarabatiwa baadaye na kugeuzwa makavazi ya historia ya utumwa, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (NMK).

Bahari, pomboo na mwandishi wa Marekani

Mbele ya Shimoni kuna kisiwa cha Wasini, chenye urefu wa kama kilomita tano, ambacho hakina magari. Watu husafiri kwa mashua na kutembea kwa miguu. Nyuma ya kijiji cha Wasini kuna bustani ya matumbawe yaliyokauka, ambapo akina mama wa kisiwa walijenga njia ya mbao juu ya mikoko na kuwatoza wageni ada ya kupita. Upande wa pili wa kisiwa kuna kijiji cha Mkwiro.

Kusini mwa Wasini kuna visiwa vidogo vya Kisite, Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na mwamba wa Liwe la Jahazi. Eneo hilo lilitengwa na serikali katika miaka ya 1970 na linasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mbuga ya baharini ya Kisite ina ukubwa wa kilomita 28 za mraba, na hifadhi ya Mpunguti ina kilomita 11 za mraba. Mbugani ni marufuku kuvua kabisa. Katika hifadhi uvuvi wa kienyeji huruhusiwa.

Kwa watalii, Kisite ni paradiso ya pomboo, kasa na samaki wa rangi. Kwa baadhi ya wavuvi, ni bahari waliyonyang'anywa. Malalamiko kwamba babu zao walivua huko bila kuulizwa yamekuwapo tangu mbuga ilipoanzishwa. Wapo waliotafuta riziki mpya kwa kuwabeba watalii kwa mashua zao, lakini utalii una misimu yake, na njaa haina msimu.

Zaidi ya matumbawe, sakafu ya bahari hushuka ghafla katika Mkondo wa Pemba, na humo hupita nduaro, jodari na samaki wengine wakubwa. Jambo hilo limewavutia wavuvi wa burudani kutoka nchi za mbali kwa miongo mingi. Mwezi wa Februari 1954, mwandishi maarufu wa Marekani Ernest Hemingway alifika Shimoni kuvua, wiki chache tu baada ya kunusurika ajali mbili za ndege nchini Uganda. Hata hapa bahati haikuwa naye, kwani moto wa nyika ulizuka karibu na kambi naye akaungua vibaya. Mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwimbaji Roger Whittaker, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936 na kufariki mwaka 2023, naye aliimba wimbo kuhusu Shimoni na watumwa wake, na wimbo huo uliwafanya watu wengi wa Ulaya walisikie jina la mji huu kwa mara ya kwanza.

Popo na sayansi

Wanasayansi nao wanalijua jina la Shimoni kwa sababu nyingine kabisa. Mwezi wa Julai 2009, watafiti waliokuwa wakichunguza popo katika pwani ya Kenya waliokota popo mmoja mkubwa aliyekufa pangoni. Katika ubongo wake walipata virusi ambavyo havikuwa vimewahi kuonekana, vyenye undugu na virusi vya ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na virusi hivyo vikapewa jina la Shimoni.

Ugunduzi huo si sababu ya kuwaua popo. Popo wadogo hula wadudu wengi kila usiku, wakiwamo wanaoharibu mimea, na popo wakubwa wa matunda husambaza mbegu na chavua. Funzo lake ni dogo lakini la maana: mgeni asimguse popo, awe hai au amekufa, na anayeumwa na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kisha aende hospitalini bila kuchelewa.

Msitu unaoota juu ya mwamba wa matumbawe kuzunguka Shimoni nao una thamani yake. Ni mojawapo ya makao ya mbega wa Angola, kima mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, ambaye nchini Kenya hupatikana hasa katika misitu ya pwani ya kusini. Kila ekari inayokatwa kwa makaa au kwa ujenzi humpunguzia mbega njia ya kupita, na huliacha pango lililo chini bila kivuli wala mizizi ya kuushika udongo.

Pango la jamii

Kinachoitofautisha Shimoni na vivutio vingi vya pwani ni kwamba wenyeji wenyewe ndio walioamua kulifungua pango kwa wageni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kulisimamia kupitia kamati ya kijiji. Vijana wa mji huwaongoza wageni, na kiingilio hutumiwa kusaidia mambo ya jamii, kama vile karo za wanafunzi na huduma za afya. Katika pwani ambako hoteli nyingi humilikiwa na watu wasioishi huko, huo ni mfano adimu.

Lakini mfano huo ni dhaifu. Watalii wanapokosekana, kama ilivyokuwa baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, na tena wakati wa janga la Korona mwaka 2020, mfuko wa kamati hukauka na mtoto aliyetegemea msaada wa karo hubaki nyumbani. Ndiyo sababu wengi wametafuta njia nyingine. Katika kijiji jirani cha Kibuyuni, akina mama wamejikita katika kilimo cha mwani, wakifunga vipande vya mmea huo kwenye kamba majini na kuuvuna baada ya wiki kadhaa. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) ndio waliosaidia kukianzisha.

Katika miaka ya 2020, serikali ilianza ujenzi wa bandari ya uvuvi mjini Shimoni chini ya Halmashauri ya Bandari Kenya (KPA). Nia ni kuwawezesha wavuvi kutua samaki, kuwahifadhi katika barafu na kuwauza kwa bei nzuri, badala ya kuwaacha madalali wawapangie bei gatini. Wanaoupenda mradi huo wanaona ajira. Wenye wasiwasi wanauliza maswali matatu: ardhi iliyo bila hatimiliki itakuwa ya nani bei itakapopanda, matumbawe na pomboo watastahimili vipi vyombo vikubwa, na mapango yaliyo chini ya mji yatabeba uzito wa majengo na malori kiasi gani.

Swali la tatu linastahili kujibiwa na wahandisi kabla ya mwamba kulijibu wenyewe. Mapango ya Shimoni hayaishii kwenye lango la kiingilio. Wenyeji husema vijia vyake huenda kilomita nyingi bara, na ingawa masafa hayo yametajwa kwa namna tofauti na kila msimulizi, hakuna anayepinga kwamba sehemu ya mji imekaa juu ya uwazi. Kuyapima mapango yote na kuchora ramani yake kungewafaa wahandisi, wanahistoria na kamati ya kijiji kwa pamoja.

Jambo la pili lisilongoja ni simulizi. Wazee waliosikia habari za pango kutoka kwa watu walioishi enzi za utumwa wamebaki wachache mno. Kila mmoja wao anapozikwa, huondoka na majina, nyimbo na majina ya mahali ambayo hayamo katika kitabu chochote. Vijana wanaowatembeza wageni pangoni wako katika nafasi nzuri ya kuyakusanya, kwa kuwa wazee hao ni babu na bibi zao na lugha ya kuwahoji ni yao.

Jioni, mashua za mwisho zinaporudi kutoka Kisite, popo hutoka pangoni kwa maelfu na kuruka juu ya soko la samaki kuelekea msituni. Wenyeji hawainui hata macho, kwa kuwa wameyazoea. Chini ya miguu yao, vyuma vilivyo ukutani vinaendelea kuliwa na kutu ya hewa ya chumvi.